Bambo Mikononi mwa Mtani

Iligharimu kazi nne, baiskeli moja, magunia arobaini na matatu ya mahindi yaliyoshushwa kutoka kwenye lori mbele ya macho ya watu, na kaka mmoja ambaye mpaka leo nikienda kumtembelea anaficha hati ya kiwanja chake. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau baiskeli.

Hiyo ndiyo bei niliyolipa kupata kazi inayonifaa. Wenzangu walipata za kwao kwa barua ya maombi na picha mbili za pasipoti.

Ninyi vijana mmekuta maradhi yangu yana jina: baipola. Enzi zetu hapa Songea yalikuwa na majina mawili, na yote mawili yalikuwa matusi. Nikipanda niliitwa kichaa, nikishuka niliitwa mvivu. Kupanda maana yake ni wiki mbili tatu silali, nasema kuliko redio, na kila wazo linaloingia kichwani ni la tajiri. Kushuka ni miezi ya kulala uso ukutani, hata kuoga naona ni safari ya kwenda Dar. Sista Benigna, muuguzi wa hospitalini aliyenipa vidonge vya kwanza, alinieleza kwa lugha ya barabara yetu.

"Gama, wewe ni lori kwenye mlima Lukumburu," alisema. "Kidonge ni breki. Lakini hata lori lenye breki nzima, dereva asipolala, mtaliokota bondeni."

Nilielewa habari ya breki. Ile ya dereva kulala iliniingia baada ya miaka.

Nianze na kazi ambazo hazikunifaa, maana hizo ndizo nyingi. Nilikuwa karani wa chama cha ushirika. Kazi nzuri, kiti kizuri, lakini ufunguo wa ghala nilikuwa nao mimi peke yangu. Niliposhuka nililala nao chini ya mto, wakulima wakasimama mlangoni siku tatu na mahindi yao kichwani. Nikawa muuza mitumba pale sokoni. Nikipanda nilifungua marobota matatu kwa siku moja na kuwagawia wateja nyongeza mpaka nyongeza ikazidi mauzo. Nikawa utingo wa lori. Hapo ndipo nilipojua kwamba usiku wa safari ni sumu kwangu. Safari moja ya Makambako bila usingizi ilitosha kunipandisha mwezi mzima. Dereva alinishusha njiani na begi langu, akasema ananiogopa. Nami nilikuwa nimemwambia tu kwamba nasikia injini inawaza.

Ya nne ndiyo inayochekwa mpaka leo kule Mpitimbi.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Jana yake mahindi yalikuwa ya ushirika na serikali, leo yake kila mwenye mzani na kamba ya gunia alikuwa mnunuzi. Kaka yangu alinipa mtaji nikanunue kwa niaba yake. Jamani, mimi nilikuwa fundi wa kupatana bei. Soko zima lilinijua. Jogoo nilimpata kwa bei ya kifaranga, na mwenye kuku akanishukuru. Nikaenda Mpitimbi kwa baiskeli, nimeipanda, na ndani yangu nimepanda pia, sijalala siku nne. Nikamkuta mama mmoja amekaa juu ya magunia yake. Akataja bei yake, bei ya haki kabisa.

"Mama, unajidharau," nikamwambia. "Mahindi haya? Ongeza!"

"Niongeze, baba?"

"Ongeza."

Akaongeza kwa woga. Nikasema bado. Akaongeza tena. Mumewe akatoka ndani kusikiliza, na majirani wakaanza kusogea na magunia yao. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Usimguse, huenda serikali imebadilisha tena." Na kweli, miaka ile sheria za mazao zilibadilika kiasi kwamba mwendawazimu na afisa kilimo walisikika sawa. Nilinunua kijiji kizima kwa bei niliyoipandisha mwenyewe. Mtaji ulipokwisha niliahidi kiwanja cha kaka kwa watu wawili tofauti. Baiskeli nilimwachia yule mama, nikamwambia nitarudi na gari.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na baada ya wiki nikashuka. Miezi minne. Mke wangu Skolastika alitulisha kwa maandazi aliyouza asubuhi mlangoni mwa maghala. Siku moja alirudi, akaweka beseni chini, akasema bila kuniangalia:

"Mzee Athumani anatafuta mtu wa kutazama mahindi. Kutazama tu. Hela hashiki, funguo hashiki."

"Nikaseme nilikuwa wapi miezi yote hii?"

"Malaria."

"Malaria ya miezi minne?"

"Malaria ya Songea. Yeye kwao Tunduru, atajuaje?"

Basi nikaingia kazini kwa uongo wa malaria. Ushikeni uongo huo, maana ndio ulionikaba baadaye.

Mzee Athumani alikuwa Myao wa Nakapanya, aliyeanza kwa kuuza chumvi na sabuni kando ya barabara. Alikuwa mtu wa sala tano na maneno machache. Ghala lake lilikuwa nyuma ya soko, na mpima mizani wake alikuwa Mbena mmoja wa kutoka Njombe, jina lake Mgaya, kanizidi miaka kama kumi. Mimi Mngoni, yeye Mbena: watani. Siku ya kwanza aliniangalia toka unyayoni mpaka kichwani.

"Wangoni ninyi mlitoka kusini kwa miguu," akasema, "na mpaka leo hamjafika."

"Tulisimama kwenu kupumzika," nikamjibu. "Tukakuta mmelewa ulanzi, tukawaonea huruma tukapita."

Urafiki wetu ulianza hapo, na kila nilichojua kuhusu mahindi nilikipata kwake.

Alinifundisha kwanza bambo. Ni kijichuma chenye mfereji, ncha kali, unakichoma ubavuni mwa gunia nacho kinatoka na punje za ndani. Usichome juu. Mkulima wa Songea si mjinga, juu ameweka mahindi ya harusi. Choma katikati, halafu chini, halafu ubavu wa pili, maana wapo wanaopanga mabovu kama nguzo katikati ya gunia. Choma na gunia la lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu, ukijua kwamba mtu aliyejaza kupita kiasi ama hajui hesabu ama anaficha kitu.

Kisha chupa. Mashine ya kupima unyevu ilikuwepo kwa wakubwa. Sisi tulikuwa na chupa ya soda na chumvi. Chupa iwe kavu, weka punje theluthi moja, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa, iache itulie. Chumvi ikibaki chini, mahindi ni makavu. Ikinata kwenye kioo, mrudishie mwenyewe akaanike. Msimu wangu wa kwanza nilikataa magunia arobaini ya katekista mmoja, mzee wa watu, akaondoka ananung'unika sala. Mgaya akachukua kopo langu la chumvi, akaligeuza. Chumvi ikatoka bonge moja kama sabuni. Nilikuwa nimeiacha dirishani na ukungu wa Julai.

"Mtani," akasema, "umeipima chumvi. Mahindi bado."

Tukamfuata katekista njiani, nikamwomba radhi. Tangu siku hiyo chumvi naikaanga kila asubuhi kabla ya chai.

Na ya tatu, iliyo kubwa kwangu, ni sahani. Unachota punje mia moja, unaziweka kwenye sahani ya bati, unatenga zilizovunjika, zilizotobolewa, zilizooza. Unahesabu. Halafu hutaji hesabu yako. Unamsukumia mwenzako sahani ile ile, anahesabu yeye, ndipo mnataja pamoja. Mkitofautiana, mnarudia. Mgaya hakuibuni kwa ajili yangu. Alikuwa akiwafanyia wote, hata aliyeniachia nafasi. Lakini mimi ilinifaa kuliko wote. Ilikuwa kazi ambayo akili yangu haikuamua kitu peke yake. Tena ilitaka mwanga wa jua. Punje iliyooza huioni kwa karabai, kwa hiyo saa kumi na moja jioni kazi imekwisha, nenda nyumbani, kula, lala. Misimu miwili nilikaa hivyo. Nilimeza vidonge vyangu viwili kila jioni, Skolastika akaacha kuamka usiku kusikiliza kama nimelala. Nilianza kudhani nimepona.

Msimu wa tatu ulichelewa kufungwa. Mwishoni mwa Novemba mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya milima ya Matogoro, na mnunuzi mmoja wa Dar akamletea Mzee Athumani oda ya malori mawili ndani ya wiki moja. Mzee akaniita.

"Bwana Gama, ukinijazia haya kabla ya mvua, inshallah mwakani wewe ndiye mkuu wa ghala. Funguo, daftari, kila kitu."

Vijana, mtu aliyepoteza kazi nne akiambiwa hivyo, hata dawa anaiona ni kikwazo. Vidonge vilinifanya mikono iwe mizito kidogo asubuhi. Nami ni fundi wa kupatana bei. Sista alisema viwili, nikampunguzia mpaka kimoja, bila yeye kuwepo. Wiki hiyo hiyo usiku mmoja nikapata usingizi wa saa sita, uliofuata saa nne, uliofuata mbili. Skolastika aliona.

"Baba Editha, umeanza."

"Nimeanza nini? Ni kazi."

"Mwambie Mzee akupe siku moja."

"Nimwambie kwa sababu gani? Malaria?"

Uongo ulikuwa wetu sote wawili, na hakuna aliyejua namna ya kuutoa bila kutoa na kazi.

Asubuhi iliyofuata nilifika kabla mlinzi hajafungua geti. Foleni ya wakulima ilikuwa imeshafika barabarani. Nikachukua bambo, nikaanza. Kwa kawaida kufikia saa nne tunakuwa tumepitisha magunia kumi na tano. Saa nne ile nilikuwa nimepitisha arobaini na matatu, na makuli wanapakia mbio, wanaimba. Nilichoma, nikatikisa, nikasema "Kavu! Lingine!" Chupa zilinionyesha nilichotaka kuona. Nilimwambia mkulima mmoja mahindi yake yanastahili kuvaa suti. Watu walivunjika mbavu. Mgaya naye alicheka, akanipa maneno, nikamrudishia. Hilo ndilo kosa lake, na mtu wa kabila jingine asingelifanya. Nikisema upuuzi mbele ya Mchaga, ataniuliza kama naumwa. Mbena alijua Mngoni akimpayukia huo ni utani, akajibu kwa utani, na mimi nikapata kuni za moto wangu asubuhi nzima.

Kilichomshtua hakikuwa maneno. Ilikuwa ni sahani. Mara ya kwanza nilimtajia hesabu kabla hajahesabu, akadhani nimeteleza. Mara ya pili nilimwaga punje kabla hajaigusa sahani. Mara ya tatu akanyoosha mkono.

"Mtani, sahani."

"Nimeshahesabu."

"Najua. Mimi sijahesabu."

"Wewe Mbena unajua kuhesabu? Kwenu mnahesabu vikombe tu, tena mkifika cha nne mnaanza upya."

Foleni ikalipuka kwa kicheko. Mgaya hakucheka. Aliniangalia machoni kwa muda, akaona alichoona. Bambo lilikuwa bado limechomekwa kwenye gunia. Akalichomoa taratibu, akaketi juu ya gunia lile, akaliweka chini ya paja lake.

"Nimekamata," akasema.

Kwa msio na watani nieleze. Mtani akikamata kitu chako hukipokonyi. Unakikomboa: kuku, pombe, chochote atakachotaja. Ukimpokonya kwa nguvu umevunja utani, na watani ndio watakaosimama kaburini kwako kuwatania waliaji ili wapumue. Mtu asiye na watani anazikwa kimyakimya kama mwizi.

"Taja basi," nikasema. "Kuku?"

"Usingizi. Nenda nyumbani kalale. Kesho ulete macho niyakague, nikiridhika utachukua chuma chako."

Watu wakazidi kucheka. Kwao ulikuwa utani bora wa msimu. Mimi nilisikia damu inapanda masikioni. Nilimwona Mgaya ananiibia ukuu wa ghala, ananiibia funguo, mbele ya foleni. Malori yako pale, mawingu yako pale, na huyu mzee amekalia maisha yangu. Nilipotazama chini, mkono wangu ulikuwa juu ya jiwe la mizani, lile la kilo kumi. Sikumbuki ulifikaje pale.

Mgaya aliuona mkono. Hakuinuka, hakuondoa paja. Alisema kwa sauti ya chini ambayo foleni haikuisikia, na haikuwa na utani ndani yake:

"Mlongo wangu, liache hilo jiwe." *Mlongo* ni ndugu kwa Kingoni. Miaka miwili sikuwahi kumsikia akitamka neno la kwetu ila kulikejeli.

Mzee Athumani akatokea mlangoni. "Kuna nini hapa? Mbona mmesimama?"

"Huyu Mngoni nimemkamata, Mzee," Mgaya akasema kwa sauti kubwa. "Mpaka akalale."

"Utani baada ya kazi! Lori la kwanza linaondoka adhuhuri. Gama, chukua bambo lako uendelee, au kama huwezi niambie nitafute mwingine."

Njia zilikuwa mbili. Nipokonye bambo, nijaze malori, mwakani niwe mkuu wa ghala. Au nikubali siwezi, nirudi kwenye beseni la maandazi la mke wangu. Kichwa changu kilikuwa kinakimbia na kila mbio ilisema *pokonya*. Lakini nilikuwa bado nauona mkono wangu juu ya jiwe. Nikauondoa, kidole kimoja kimoja.

"Mzee, naomba tuongee ofisini."

Ofisi ilikuwa chumba chenye kalenda na mkeka wa sala. Nikabaki nimesimama, nikijishika mikono ili isiongee.

"Sikuwa na malaria," nikasema. "Nina maradhi ya akili. Yanapanda na kushuka. Sasa hivi yanapanda. Mgaya hatanii."

"Tangu lini?"

"Kabla hujanijua."

"Misimu miwili na huu wa tatu unakula kwangu, hukusema."

"Ningesema, ungenichukua?"

Aliwaza kidogo sana. "Wallahi nisingekuchukua."

Alinijibu kweli. Tukasikia makuli nje wanafunga turubai.

"Na yale ya asubuhi?" akauliza polepole. "Uliyoyapitisha?"

"Yashushwe. Yote arobaini na matatu. Yapimwe na mtu mwingine."

"Unajua unachoniambia? Lori limeshafungwa. Dereva yuko kwenye usukani."

"Siku tatu chini ya turubai, Mzee, machache mabichi yatachemsha mazima yote. Utafungua Dar ukute uji."

Aliniangalia kama mkulima anavyoangalia wingu. Kisha akatoka, nikamsikia akipaza sauti: "Fungua! Shusha!" Nilisimama pale mlangoni nikawaona makuli wakishusha, gunia kwa gunia, watu wakihesabu kwa midomo. Mgaya akapima. Akapata mabichi kumi na tisa. Mzee akasema apime tena. Ishirini na moja.

Hakunifukuza kwa maneno. Alisema tu, "Nenda," na Mgaya akamtuma kuli mmoja anisindikize mpaka nyumbani Mfaranyaki. Skolastika alifungua mlango, akamwona kuli, akachukua kitenge chake na kadi yangu ya hospitali bila kuuliza. Sista Benigna aliponiuliza vidonge nimemeza vingapi, nikasema kimoja. "Nani alikupunguzia?" akauliza. Vijana, pataneni bei ya kila kitu, hata ya jeneza. Ya vidonge msipatane peke yenu. Mwenye duka hilo hakuwepo mimi niliposhusha bei, na niliyelipa tofauti ni mimi.

Nililala wodini wiki tatu, nikashuka baadaye, lakini safari hii si chini kabisa. Mwezi wa pili nilikwenda ghalani. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno njiani, kama mtu anayeenda kuposa. Mzee Athumani alikuwa anahesabu magunia matupu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umepona?"

"Sijapona. Nimetulia. Haya hayaponi, yanatulizwa."

Aliendelea kuhesabu mpaka akamaliza fungu. "Mgaya anasema msimu bila wewe atastaafu. Ananitisha, Mbena yule. Nikikuchukua nakata robo ya mshahara. Hasara yangu umeiona."

Hapo nikajua nimerudi mwenyewe, maana nilisikia bei, nikaona nafasi. "Mzee, mkaguzi yeyote iko siku atakosea. Mimi nina mtu anayeweza kunisimamisha kabla, na nitasimama. Huyo mwingine utamsimamishaje? Ukate robo kwa yule."

Alicheka kwa pua. Tukapatana kama tunavyopatana mahindi, kutwa nzima, kwa chai mara mbili. Mshahara haukukatwa. Safari za usiku, kamwe. Saa kumi na moja nimeondoka, hata lori liwe nusu. Na Mgaya akikamata bambo, siku yoyote, bila kueleza, naondoka, na mshahara wa siku unabaki wangu. Hilo nililiomba mimi. Naye akaweka lake: funguo na daftari nisivishike kamwe. Ukuu wa ghala nisahau.

Nilikubali. Iliniuma, na nikisema haikuniuma nitakuwa nawauzia gunia la kilemba. Waliokuja nyuma yangu wakawa wakuu wangu, mmoja baada ya mwingine, nikiwaamkia asubuhi. Lakini nilifanya kazi ile mpaka mvi zikanijaa, na mkate wangu ukawa wangu. Mgaya alinikamata mara saba katika miaka yote kabla hajarudi kwao Njombe. Tano alikuwa sahihi. Mbili alikuwa na hamu ya kuku tu, alikiri mwenyewe, na nikamlipa.

Kwa hiyo mkiniuliza kazi gani inafaa mtu wa maradhi kama yangu, siwezi kuwatajia jina la kazi. Naweza kuwaambia: ulizeni inaisha saa ngapi. Ulizeni nani anarudia hesabu yenu. Kazi ya heshima kubwa inayokuachia kuamua peke yako, na bila usingizi, ikimbie hata wakikupa gari. Na tafuta mtu mmoja ambaye ukimkasirikia huwezi kumpiga. Wangu nilimrithi kwa kabila. Sijui ninyi mtampata wapi.

Mpaka hapo najua. Sasa nifike nisipojua, ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Mwezi huu amenijia binti mmoja, mwalimu, mgeni katika mkoa huu, kwao Kigoma. Maradhi ni haya haya. Alikuwa akifundisha shule ya bweni na zamu za usiku zikamwangusha, ameacha. Sasa kuna kampuni ya mbegu hapa mjini inataka mtunza kumbukumbu wa maabara, kazi ya mchana, ya watu wawili wawili. Nilimwambia hiyo hiyo, ichukue. Akaniuliza, "Babu, niwaambie siku ya usaili, au wakishaniona kazi yangu?"

Mimi nilificha, nikapata kazi, kisha nikakaribia kumpasua kichwa mtu aliyenipenda. Ningesema siku ya kwanza, Mzee Athumani asingenichukua, aliapa mwenyewe, na leo nisingekuwa na neno la kuwaambia. Binti huyu hana mtani hapa Songea. Nimemwambia anipe siku mbili.

Usaili ni Jumatano. Kati yenu wapo wanaoajiri watu, na wapo waliowahi kusema na waliowahi kuficha. Msinijibu kwa kumfurahisha mzee. Niambieni kabla ya Jumatano: aseme lini, na aanze kwa maneno gani?